Ajali ya Helikopta Mafunzoni: Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya istilahi za ajali za helikopta, iliyotayarishwa na ofisi moja yenye nia ya kufasiri taarifa za uchunguzi pamoja na kijitabu cha mafunzo ya urubani. Waandishi wake wametuomba tuipitie na kuisanifisha. Tumeipitia, na tumeona ni afadhali maoni yetu tuyatoe katika kurasa hizi badala ya kuyafungia katika barua, maana makosa tuliyoyakuta si ya ofisi hiyo peke yake. Ni makosa ambayo kila mfasiri huyafanya anapokutana na taaluma asiyoijua, na sisi wenyewe, ambao hatujapata kurusha hata kishada kikakaa hewani, tumo katika hesabu hiyo.

Yawezekana msomaji akauliza: kuna haja gani ya kuwa na istilahi hizi, maadam rubani na kituo cha kuongozea ndege huzungumza Kiingereza? Swali ni la haki. Lakini helikopta ikianguka, wa kwanza kufika ni wanakijiji, na maelezo yao huandikwa kwa Kiswahili na askari polisi. Habari hutangazwa redioni kwa Kiswahili. Mbunge husimama na kuuliza kwa Kiswahili. Na mzazi wa kijana aliyekufa akiwa mafunzoni, atakapopewa taarifa ya jinsi mwanawe alivyokufa, ana haki ya kuipata katika lugha anayoifahamu, tena iliyo sahihi. Hapo ndipo neno moja lililochaguliwa vibaya linapoweza kumtia doa marehemu asiyeweza kujitetea.

Tuanze na doa hilo hasa. Mwishoni mwa rasimu waandishi wameambatisha tafsiri ya mfano, muhtasari wa ajali iliyotokea Marekani. Tarehe 29 Juni, 1992, karibu na Richmond, California, helikopta ndogo aina ya Robinson R22 iliyokuwa katika safari ya mafunzo ilivunjika angani baada ya panga la juu kupiga kiwiliwili cha chombo chenyewe. Waliokuwamo walikuwa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, na wote wawili walikufa. Ndani mlikuwa na kinasasauti kidogo cha kaseti kilichokuwa kikirekodi. Mkanda ulipochunguzwa, ulisikika mwalimu akizungumza kwa sauti ya utulivu. Kisha, katikati ya sentensi, jambo likamkatiza, ukafuata mvumo wa upepo. Ajali hiyo na nyingine za namna yake ziliifanya Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ifanye uchunguzi maalumu, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 1996.

Sasa tazama jinsi rasimu inavyomaliza habari hiyo kwa Kiswahili: “Helikopta ilizimika panga katika uzito mdogo ikaanguka, chanzo kikiwa ni uzembe wa mwanafunzi.” Sentensi ni fupi, na hatukuona ndani yake neno la kiufundi lililo sahihi.

Neno uzembe limetoka wapi? Halimo katika taarifa ya Bodi. Bodi ilieleza kwamba, katika nyingi ya ajali za aina hiyo, chanzo kinachoelekea zaidi ni mkono wa rubani kukisogeza chombo cha kuongozea kwa nguvu na kwa ghafla, katika helikopta ambayo ni nyepesi mno kuitikia. Yaani mkono ulikosea, na mashine haikutoa nafasi ya kusahihisha. Mfasiri amelichukua neno uzembe kutoka katika habari za ajali za barabarani, ambamo sisi sote tumezoea kusikia “mwendo wa kasi na uzembe wa dereva” hata kabla gari halijaondolewa mtaroni. Kalamu yake imekwenda kwa mazoea. Uzembe ni tabia. Mzembe ni mtu aliyejua la kufanya akapuuza. Mwanafunzi anayejifunza kuruka hawezi kuitwa mzembe kwa sababu ya kutojua kile alichokwenda kujifunza.

Wenzetu kadhaa wamependekeza “kosa la rubani.” Neno hili ni afadhali, lakini nalo halijatakasika. Katika lugha ya mahakama zetu kosa ni tendo lenye adhabu. Mtu hushtakiwa kwa kosa, hukiri kosa, hupatikana na kosa. Karani wa polisi akisoma “kosa la rubani” atatafuta kifungu cha sheria. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, ambacho ndicho huongoza uchunguzi wa ajali za ndege, kinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama au dhima. Kwa hiyo tunahitaji neno lisilobeba lawama, na Kiswahili tayari kinalo katika mnyambuliko wa kitenzi hicho hicho: kukosea. “Kukosea kwa rubani” ni jambo la mkono na macho. “Kosa la rubani” ni jambo la kizimbani. Tofauti ni ya silabi chache, lakini kwa mzazi anayesoma taarifa si ndogo.

Tukiwa hapo hapo, tunawasihi wafasiri watenganishe chanzo na mchango. Taarifa za uchunguzi aghalabu hutaja chanzo kinachoelekea, kisha mambo yaliyochangia: hali ya hewa, matengenezo, upungufu wa mafunzo, umbo la chombo chenyewe. Rasimu imeyamwaga yote katika neno sababu. Matokeo yake ni kwamba jambo lililotajwa kwanza huonekana kuwa ndilo lililoua, na mengine yote huonekana mapambo.

Tuje kwenye “uzito mdogo.” Hili ndilo kosa lililotusumbua kuliko yote, kwa sababu linaweza kupita mbele ya macho ya wahariri watatu bila kushtukiwa. Linasomeka vizuri. Kila mtu analielewa. Na kila mtu analielewa vibaya.

Mtu asomaye “hatari ya uzito mdogo katika helikopta” ataelewa kwamba helikopta haikupakiwa vya kutosha. Atafikiri dawa yake ni kuongeza mzigo, au kutoruka peke yake. Kumbe jambo lenyewe ni lile linalompata abiria wa basi linaporuka tuta kwa kasi: kwa kitambo kidogo tumbo hubaki juu, makalio huachana na kiti, na mzigo ulio sakafuni hutaka kuelea. Uzito wa basi haukubadilika hata ratili moja. Kilichopungua ni jinsi uzito huo unavyokalia kiti na magurudumu. Katika helikopta hali hii hutokea rubani anapopandisha chombo kisha akasukuma mbele ghafla fimbo ya kuongozea. Chombo hupita kileleni kama lile basi juu ya tuta, na mapanga, ambayo kwa kawaida hukibeba kiwiliwili kama mkono unavyobeba ndoo, ghafla hujikuta hayabebi kitu.

Hatari haiko katika kuelea huko. Iko katika lifuatalo. Panga dogo la mkiani bado linasukuma, na sasa hakuna cha kulizuia, kwa hiyo kiwiliwili huanza kulalia upande mmoja. Katika R22 na helikopta nyingi za Marekani upande huo ni wa kulia. Rubani yeyote, hasa mwanafunzi, akiona chombo kinalalia kulia, mkono wake hukimbilia kushoto. Ni jambo la kimaumbile, kama dereva anayekata usukani. Lakini mapanga yasiyobeba kitu hayawezi kukivuta kiwiliwili kirudi. Yenyewe huinama kushoto, kiwiliwili kinaendelea kulala kulia, na pembe kati yake huzidi mpaka kitovu kinachoshikilia mapanga kigonge mhimili wake, au panga likate mkia au kibanda cha rubani. Yote hayo huweza kutimia kabla mtu hajamaliza sentensi. Dawa ni kinyume cha mazoea: kuirudisha fimbo nyuma kwa upole ili mapanga yabebe tena, na ndipo kurekebisha kulala kwa chombo.

Baada ya kuyaelewa hayo, ndipo tunapoona kwamba kivumishi -dogo hakifai kabisa. Kivumishi hueleza sifa iliyokaa. Hapa tunahitaji kitenzi, kwa kuwa jambo hili huja na kupita. Tunapendekeza “hali ya kupungukiwa uzito,” na pale ambapo mashine yenyewe ndiyo mada, “mapanga kupungukiwa mzigo.” Yupo mjumbe aliyesema ni maneno mengi mno. Ni kweli, lakini mwalimu anayefundisha darasani hatapungukiwa pumzi kwa silabi tano za ziada.

Mintarafu kugongana kwa kitovu na mhimili, hapa rasimu inastahili sifa, nasi tunaitoa bila ubahili. Waandishi wameuita mhimili huo mlingoti. Hawakubuni, wamerudi baharini, ambako msamiati wetu wa vyombo ndiko ulikozaliwa. Rubani mwenyewe alikuwa mtu wa majini, mjuzi wa miamba na mikondo aliyeongoza jahazi kuingia bandarini, kabla hajapewa mabawa. Rafadha ilisukuma meli kabla haijavuta eropleni. Basi mlingoti unaobeba mapanga badala ya tanga ni mgeni aliyefika kwa jamaa zake. Tunachoomba ni kwamba istilahi isiwe “mlingoti kugongwa,” kwa maana msomaji atadhani helikopta imegonga mlingoti wa bendera au wa simu, jambo ambalo pia hutokea na ambalo linahitaji neno lake. Isemwe “kitovu kugonga mlingoti.” Mtendaji akitajwa, shaka huondoka.

Tuseme pia kidogo juu ya kitovu hicho, kwa sababu rasimu imekiruka. Katika R22 mapanga ni mawili tu, nayo yamefungwa yacheze pamoja, moja likipanda jingine likishuka, mithili ya watoto wawili kwenye pembea ya ubao. Aina hii ndiyo hasa yenye hatari tuliyoieleza, na Mamlaka ya Shirikisho ya Usafiri wa Anga ya Marekani iliweka mwaka 1995 kanuni maalumu ya mafunzo kwa kila anayerusha R22 au ndugu yake mkubwa R44. “Mapanga ya pembea” ni istilahi iliyo tayari kinywani mwa kila aliyewahi kuwa mtoto. Tumeiongeza.

Na “kuzimika panga”? Injini huzimika, taa huzimika, moto huzimika. Panga halizimiki. Mfasiri amekutana na neno la Kiingereza ambalo hutumika kwa injini iliyokata na pia kwa bawa lililoacha kunyanyua, akatumia maana aliyoizoea kwa gari. Yanayotokea ni haya: mapanga yakipungua kasi ya kuzunguka, rubani akaendelea kuyalazimisha yabebe, hufika mahali hewa haishiki tena juu ya uso wake, chombo huporomoka kama jiwe. Katika R22, ambayo mapanga yake huzunguka zaidi ya mara 500 kwa dakika lakini ni mepesi na hupoteza kasi upesi, injini ikikata rubani ana kama sekunde moja hivi ya kutenda. “Panga kuacha kunyanyua” yatosha. Aandikaye kwamba panga limezimika humfanya fundi akaangalie mafuta.

Hilo linatufikisha kwenye neno ambalo limeleta ubishi mkubwa katika kikao chetu, na ubishi wenyewe haujaisha. Injini ya helikopta ikizimika angani, chombo hakilazimiki kuanguka. Rubani hushusha mara moja wenzo wa kushoto, ule wa kupandishia, ili mapanga yakae bapa. Chombo kinashuka, na upepo unaotoka chini ukipita kati ya mapanga huyazungusha bila injini. Karibu na ardhi rubani huinua pua ya chombo kupunguza mwendo, kisha huvuta wenzo ili akiba ya mzunguko iliyobaki itumike kutua kwa upole. Kila mwanafunzi wa helikopta hufundishwa jambo hili na hulirudia mara nyingi. Na kwa kuwa hulirudia karibu na ardhi, ajali nyingi za mafunzoni hutokea katika zoezi hili hili linalokusudiwa kuokoa maisha.

Rasimu imeliita “kujizungusha kwa helikopta.” Tunasikitika kusema kwamba tafsiri hii ni ya hatari. Imefuata viungo vya neno la kigeni, cha kwanza kikiwa na maana ya nafsi na cha pili mzunguko, ikaviunganisha kama fundi anayeunga mabomba bila kuuliza maji yanakwenda wapi. Helikopta inayojizungusha, kwa Mswahili yeyote, ni helikopta inayozunguka yenyewe kama pia. Na hilo lipo, nalo ni janga la aina nyingine kabisa, linalotokea panga la mkiani linaposhindwa kuzuia kiwiliwili kisizunguke. Shahidi aliyesimama shambani akiulizwa, “Je, helikopta ilikuwa ikijizungusha?” atajibu hapana, na mchunguzi ataandika kwamba rubani hakujaribu kuokoa chombo. Ilhali alijaribu.

Wako wanaotaka neno litoholewe tu, liwe otorotesheni. Hatuna uadui na utohozi; injini, breki na helikopta yenyewe vimetoholewa na vimekaa. Lakini neno lililotoholewa halimfundishi mtu chochote mpaka aeleweshwe, na hapa tunalo jambo ambalo mtoto wa pwani analifahamu tangu utotoni. Huchukua ukuti wa mnazi, akausuka, akautia kijiti, akakimbia nao, upepo unauzungusha. Mchezo huo huitwa kititia. Hauna injini, hauna kamba, hauna mkono unaouzungusha; mwendo wake mwenyewe ndio unaoleta upepo, na upepo ndio unaouzungusha. Sisi tumependekeza “mshuko wa kititia.”

Kikao kiligawanyika. Mjumbe mmoja, mwalimu wa miaka mingi, alisema kwa ukali kwamba hatamkubalia mtu aingize mchezo wa watoto katika taarifa ya vifo. Mwingine kutoka bara alisema hajapata kukiona kititia na kwamba wanafunzi wake hawatakiona pia. Pingamizi la pili ndilo lenye uzito. La kwanza tunalijibu kwa kuuliza: pangaboi, tunaloliandika katika barua za serikali tunapoagiza vifaa vya ofisi, lilitoka kwa heshima gani? Neno likishafanya kazi hupata heshima yake. Hata hivyo tumekubali kwamba, mpaka uamuzi utolewe, rasimu itumie maelezo marefu, “kushuka kwa nguvu ya upepo,” na “mshuko wa kititia” uandikwe kando.

Sasa tuingie katika sehemu ya kijitabu cha mafunzo, ambako hakuna muda wa maelezo marefu, maana maneno yake hutamkwa ndani ya chombo. Katika helikopta ya mafunzo mwalimu na mwanafunzi wote wana vyombo vya kuongozea. Katika R22 fimbo ya kuongozea ni moja tu, imesimama katikati, na juu yake umetiwa mti wa kukingama wenye mishikio miwili, mmoja kwa kila mtu. Mkono wa mmoja ukisogea, wa mwingine unajua. Kwa hiyo suala la nani ameshika si la adabu. Wawili wakidhani kila mmoja ameshika mwenzake, watapigana mikono. Wawili wakidhani mwenzake ndiye aliyeshika, hakuna anayerusha. Ndiyo maana marubani wana kanuni ya kauli tatu: anayetoa hutamka, anayepokea huitikia, na yule wa kwanza huthibitisha.

Rasimu imetafsiri hivi: “Unadhibiti.” “Nadhibiti.” “Unadhibiti.” Tafadhali msomaji azitamke kauli hizo akiwa karibu na mashine ya kusaga. Katika kitenzi cha Kiswahili mtendaji amejibana katika silabi ya mwanzo, silabi isiyo na mkazo. Mkazo wote umekwenda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kelele za injini humeza mwanzo na kuacha mwisho. Kinachosikika ni “-dhibiti, -dhibiti, -dhibiti,” na hakuna ajuaye ni nani. Kiingereza kinaweza kumudu jambo hili kwa sababu mtendaji wake husimama kama neno zima. Kiswahili hakimudu, na hakuna aibu katika hilo. Kila lugha hubeba mzigo kwa bega lake.

Dawa ni kutumia vitenzi viwili tofauti badala ya kubadili nafsi ya kitenzi kimoja. Watumishi wa serikali wanaosoma kurasa hizi wanavijua vitenzi hivyo vizuri, kwa kuwa hawawezi kuhama kituo bila kuvitumia: kukabidhi na kupokea. Basi iwe: “Nakukabidhi.” “Nimepokea.” “Nimekabidhi.” Hata kama kelele itameza nusu ya kila neno, -kabidhi na -pokea haviwezi kuchanganywa. Tendo lote liitwe makabidhiano, neno lenye picha ya watu wawili wanaotazamana na mmoja kutoondoka mpaka mwenzake atie sahihi. Ni picha inayofaa.

Liko pia neno la dharura, pale mwalimu anapotaka mwanafunzi aondoe mikono mara moja. Rasimu imeandika “Acha!” Hapa tunapinga kwa nguvu zote. Mtu akiambiwa acha, huacha anachokifanya. Mwanafunzi aliyekuwa akisukuma fimbo ataacha kusukuma, lakini ataendelea kuishikilia, tena yamkini kwa nguvu zaidi kwa hofu. Ni sauti moja tu iliyokosekana: “Achia!” Mtu haachii jambo, huachia kitu kilichomo mkononi. Mtoto aliyeshika kisu haambiwi acha, huambiwa achia, na mama yeyote hakosei katika hili. Waandishi wa rasimu ni wasomi. Walipokaa mezani waliisahau sarufi ambayo wanaitumia nyumbani kila siku.

Mengine tutayapitia kwa haraka. Rasimu imeandika “mwanafunzi rubani”. Tungependelea “rubani mwanafunzi,” kwa sababu katika lugha yetu nomino ya kwanza ndiyo mwenye nyumba na ya pili ndiyo mpangaji, na taarifa inamhusu rubani. Kwa yule anayebeba wajibu wa safari, hata kama hakushika chochote, “rubani mwenye dhamana” ni bora kuliko “rubani mkuu,” kwani mkuu huweza kuwa yuko ofisini. “Kuning’inia” kwa helikopta iliyosimama hewani tumeiondoa. Kinachoning’inia kimefungwa juu. Kusimama hewani kunatosha. “Kutua kwa kishindo” ni istilahi nzuri na tumeiacha kama ilivyo.

Neno mafunzo lenyewe linahitaji uangalifu. Tarehe 24 Juni, 2021, helikopta ya Jeshi la Anga la Kenya ilianguka Ole Tepesi katika Kaunti ya Kajiado, na askari kadhaa wakapoteza maisha. Ilielezwa kwamba ilikuwa katika mafunzo. Tarehe 29 Machi, 2023, helikopta mbili za Jeshi la Marekani zilianguka usiku katika jimbo la Kentucky, karibu na kambi ya Fort Campbell, zikiwa nazo katika mafunzo, na askari tisa wakafa. Katika matukio hayo mawili hatuzungumzi juu ya mtu anayejifunza kuruka kwa mara ya kwanza, kama ilivyokuwa Richmond. Askari aliyekwisha kufuzu akirudia kazi yake ili asiisahau yumo katika mazoezi. Asiyefuzu yumo katika mafunzo. Anayesema “helikopta ya mafunzo ilianguka” amemfanya msomaji aone kijana asiyejua kitu mbele na mwalimu aliyeshindwa kando, hali huenda vyombo vilikuwa mikononi mwa watu wenye ujuzi wa miaka. Na ikiwa abiria ndio waliokuwa mafunzoni na wala si rubani, isemwe hivyo, hata kama kichwa cha habari kitakuwa kirefu.

Vilevile kitenzi anguka kimebebeshwa mzigo usio wake. Chombo kilichovunjika angani, chombo kilichogonga waya, vyombo vilivyogongana, chombo kilichotua kwa kishindo kikapinduka: vyote katika rasimu “vimeanguka.” Vyote vilifika chini, ni kweli. Lakini kuanguka ni mwisho wa habari, na mchunguzi anataka mwanzo wake. Kiswahili kina kuporomoka, kuvunjika, kupinduka, kugonga na kugongana, na vyote viko tayari kufanya kazi.

Rasimu tumeirudisha kwa wenyewe pamoja na maelezo haya. Kauli za makabidhiano tumeomba zijaribiwe kwanza ndani ya chombo chenye injini inayonguruma, si katika chumba cha mikutano, na matokeo yake tuletewe kwa maandishi. Kuhusu kititia, ndugu zetu walimu wa bara wanaombwa watuandikie: je, watoto wa kwao wanakitengeneza kwa majani gani, na wanakiitaje?